Nimekwama ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Kiingereza

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, naishi Pasua hapa Moshi. Nina miaka 31, mke na watoto wawili. Kazi ya kubeba mizigo nimeifanya miaka tisa, zaidi njia ya Machame na mara chache Marangu. Sasa magoti yameanza kunisemesha, nataka nipande niwe mwongoza watalii msaidizi. Mlima naujua. Kinachonikwamisha ni Kiingereza. Kidato cha nne nilipata F ya Kiingereza, sifichi.

Mwaka jana nilijiunga na tuisheni ya jioni. Mwalimu wetu alituambia kila mtu atafute kitabu cha hadithi cha Kiingereza, na kila usiku achukue sentensi kumi azigeuze: ya kutenda iwe ya kutendwa, ya kukubali iwe ya kukanusha, maneno aliyosema mtu yawe usemi wa taarifa. Nikaenda kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba karibu na stendi, nikapata kimoja kinene kwa shilingi elfu mbili. Jalada hakina, jina silijui. Nilichagua kinene ili sentensi zisiniishie.

Madaftari matatu yamejaa. Ukurasa wa kwanza ulinishinda nikauruka, nikawa naokota sentensi huku na huku katikati. Tuisheni napata tiki. Lakini mlimani mdomo unafunga. Mgeni akiniuliza kitu cha kawaida kabisa nashika kuigeuza ile sentensi kichwani, nikija kumaliza ameshapita na mwenzangu ameshajibu.

Novemba iliyopita tulikuwa kambi ya kwanza ya Machame, mvua imetupiga tangu getini. Mzee mmoja Mwingereza alikuwa amesimama nje ya hema anatazama juu. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nikamwambia maneno ya kwenye kitabu: "Implacable November weather." Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika kamba ya hema. Akawaita wenzake, nikaambiwa nirudie, wakacheka wote. Tangu siku ile wagumu wenzangu wananiita Implakabo.

Shemeji yangu ni mwongozaji tayari. Ananiambia nitupe kitabu, nikariri maneno ya mlimani tu: kunywa maji, twende polepole, kichwa kinaendeleaje. Anasema hajawahi kusoma hadithi hata moja na mkono unaenda kinywani. Mke wangu naye analalamika kwamba siku zangu za kuwa nyumbani ni chache, na hizo chache nazimaliza nimeinamia daftari.

Na kuna ule ukurasa wa kwanza. Unaanza hivi: "London. Michaelmas Term lately over, and the Lord Chancellor sitting in Lincoln's Inn Hall. Implacable November weather." Mbele kidogo kuna hii: "Fog everywhere." Nimetafuta vitenzi nivigeuze, sivioni. Mwalimu wa tuisheni anadhani kitabu kilichapwa vibaya. Mpwa wangu wa kidato cha tatu anasema sentensi isiyo na kitenzi si sentensi. Nani amekosea hapo?

Hiki hapa ni Kiingereza changu mwenyewe, sijaangalia popote: "I was grow up by my grandmother at Kibosho. I am living in Moshi since 2014. Last month I was stolen my phone at bus stand. If I would get guide work I would build house."

Niendelee na kitabu au nikiache?

Mpagazi wa Pasua, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kitabu, maana kimenichekesha peke yangu jikoni. Hakijachapwa vibaya. Ulichonunua kwa elfu mbili ni Bleak House cha Charles Dickens. Kilitoka London kwa sehemu za kila mwezi, kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853, na kina sura 67. Ungeniuliza kabla ya kununua ningekukataza. Mtu anayeanza mazoezi ya mlima hapelekwi Umbwe, ile njia ya mwinuko mkali. Lakini umeshanunua, umeshajaza madaftari matatu, na yule mzee ameshacheka, kwa hiyo tuongee kuhusu hicho hicho.

Mpwa wako amesema alivyofundishwa, na kwenye mtihani ashike hivyo hivyo. Dickens naye hakukosea. Sentensi nyingi za zile aya za mwanzo amezinyima kitenzi kikuu kwa makusudi. Neno "sitting" pale kwa Lord Chancellor linafanana na kitenzi, ila limenyang'anywa "is" yake, kwa hiyo yule jaji mkubwa hatendi kitu, amewekwa tu kama picha ukutani. Muhula wa mahakama umekwisha juzi, jaji kakaa, Novemba haina huruma, matope mitaani, ukungu. Mimi huwa nasoma pale nikiona mji mzima umesimama, hakuna kinachokwenda. Kitenzi kingeusogeza.

Halafu wewe ni Mswahili, lisikushangaze sana. "Fog everywhere." Sema kwa Kiswahili: ukungu kila mahali. Umehisi kitu kimepungua? Babu akisema "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," yupo mtu aliyewahi kuuliza kitenzi cha siku mbili kiko wapi? Kiswahili kinaruhusu jambo hili hata sokoni. Kiingereza cha darasani hakiruhusu, cha hadithi kinaruhusu kwa aliyejua kanuni kwanza. Kwenye usaili wako sema "There is fog everywhere," uweke kitenzi, uwe salama. Ukiwa msituni na wageni, ukungu umefunika hata mti ulio mbele, sema "Fog everywhere" bila woga. Wenyewe husema hivyo.

Kwa hiyo usiku wote ule uliotafuta namna ya kuigeuza "Fog everywhere" iwe kauli ya kutendwa, mwanangu, ulikuwa unamkamua jogoo. Na hapo ndipo ninapotofautiana na tuisheni yenu. Simlaumu mwenzangu, hata mimi nilifundisha hivyo miaka mingi pale Arusha: toa sentensi, geuza, weka tiki, inayofuata. Kugeuza kunamfundisha mtu kugeuza. Mwanafunzi wangu aliyegeuza vizuri kuliko wote, kijana wa Sakina, alikuja ofisini siku moja analia, akaniambia, "Madam, I was stolen my bag." Alikuwa na alama 9 kati ya 10 kwenye kauli ya kutendwa, wiki ile ile.

Nawe umeandika lile lile la simu, tukae hapo kidogo. Kiswahili chetu kina kauli ya kutendwa pana kuliko ya Kiingereza. Tunasema "nimeibiwa simu": aliyepatwa na jambo ni mimi, basi mimi ndiye kichwa cha sentensi, simu inafuata nyuma. Tunaweza hata kusema "amefiwa na baba yake," ambayo Mwingereza hawezi kuipitisha kwa kitenzi chake cha kufa. Kiingereza kinauliza swali moja la kibahili: ni nini hasa kilichochukuliwa? Ni simu. Basi simu ndiyo ikae mbele: "My phone was stolen." Ukisema "I was stolen," umemwambia mgeni kwamba majambazi walikubeba wewe pale stendi, na simu sijui inafanya nini mwishoni. Kwenye madaftari yako matatu nina hakika umegeuza mpira uliopigwa na mvulana mara mia. Hilo la kuibiwa halikujitokeza hata mara moja, kwa sababu hakuna sentensi ya kitabu inayoweza kukuonyesha kosa linalotoka kwenye Kiswahili chako. Ni lazima Kiswahili chako kiwepo mezani.

Ndiyo maana nataka ubadilishe zoezi, kitabu kibaki.

Zamani za malkia Elizabeth wa kwanza wa Uingereza, kabla hajawa malkia, alikuwa na mwalimu aliyeitwa Roger Ascham. Aliandika kitabu cha ufundishaji kilichotoka 1570 baada ya kifo chake, na ndani anasifia njia moja ya kufundisha Kilatini: mwanafunzi achukue maandishi ya Kilatini, ayatafsiri kwa Kiingereza chake, afunge kitabu, kisha baada ya muda ayarudishe kwenye Kilatini bila kuchungulia. Halafu alinganishe na ya mwandishi. Pale yanapotofautiana ndipo penye somo. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, alipokuwa kijana wa kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake huko Boston, alifanya jambo la karibu na hilo na gazeti moja la Kiingereza alilolipenda: anaandika mambo makuu kwa kifupi, anaacha siku chache, anaandika upya kwa maneno yake, analinganisha, anasahihisha. Muda wake ulikuwa usiku baada ya kazi au alfajiri kabla ya kazi. Na kama utaniambia kazi yako ni nzito mno kwa mambo hayo, Mwalimu Nyerere alikuwa Rais wa nchi ilipotoka tafsiri yake ya Shakespeare. Ni ile ya Julius Caesar, ya 1963.

Sasa fungua sura ya tatu. Yaache ya mwanzo na mahakama yake. Kitabu hiki kina wasimulizi wawili: mmoja hatujui ni nani, anasimulia kwa wakati uliopo na kwa mbwembwe, ndiye aliyekupa Implakabo. Wa pili ni binti anaitwa Esther, anasimulia maisha yake kwa wakati uliopita, taratibu, kama mtu anayekuandikia barua. Anza na yeye. Sentensi yake ya kwanza ni hii: "I have a great deal of difficulty in beginning to write my portion of these pages, for I know I am not clever." Yaani anapata taabu sana kuanza kuandika sehemu yake, kwa kuwa anajua hana akili nyingi. Nakwambia, umepata mwenzio.

Mbele kidogo anaeleza alivyolelewa. Ana vijineno vya katikati kuhusu mabinti wa kifalme, viruke kwanza, mfupa wa sentensi ni huu: "I was brought up by my godmother." Sasa soma tena ya kwako: "I was grow up by my grandmother." Uko hatua moja tu kutoka kwake! Ulichokosa si kauli ya kutendwa, hiyo umeipata. Umekosa kitenzi. Kukua unakua mwenyewe, hakuna anayekukuza kwa "grow up", kwa hiyo haikubali kutendwa. Kulelewa ni "brought up". Hutasahau tena, kwa sababu sasa Esther na bibi yako wa Kibosho wamekaa kwenye sentensi moja.

Tuisheni wangekwambia uigeuze: "My godmother brought me up." Sahihi, weka tiki. Lakini jiulize kwa nini Esther hakusema hivyo. Anayezungumziwa ni yeye, mtoto; mama mlezi anaingia mwishoni. Ukiigeuza, mama mlezi anakaa kiti cha mbele na habari inakuwa yake. Kauli ya kutendwa ni swali la nani akae mbele, na wewe kwa Kiswahili unalijibu kila siku bila kufikiri. Mgeni akikuuliza umekulia wapi, habari ni yako: "I was brought up by my grandmother in Kibosho." Akikuuliza bibi yako alikuwa mtu wa namna gani, habari ni yake: "My grandmother brought up six of us." Sijui mlikuwa wangapi, weka idadi yako.

Basi kila usiku sentensi moja, si kumi. Inakili kwa mkono. Iandike chini yake kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Pasua, si cha mtihani. Funga kitabu. Kesho yake, ukiwa unaosha vyombo au uko kwenye daladala, irudishe kwenye Kiingereza ukiwa umeshika Kiswahili tu. Linganisha. Ulipokosea piga mstari. Kisha, na hili usiliache hata ukichoka, ijaze maisha yako: toa mama mlezi weka bibi, toa London weka Kibosho. Ukimaliza itamke kwa sauti mara tatu mpaka ulimi uache kusita. Mdomo wako unafunga mlimani kwa sababu madaftari yote matatu yalijazwa kimya kimya.

Mlimani kitabu usikipeleke. Kile kitabu ni tofali, na mizani ya getini inakusubiri na kilo zako 20. Nakili sentensi tano za safari kwenye kikaratasi, kaa nacho mfukoni.

Sentensi moja zaidi ya Esther nakuchagulia mwenyewe. Anasema alipokuwa mdogo sana alikuwa na mazoea ya kuzungumza na mwanasesere wake wakiwa peke yao: "I used to say to my doll..." Hiyo "used to" ishike kama kamba. Ni yetu ya "nilikuwa nikifanya", jambo la zamani lililokuwa mazoea na sasa limekoma. Siku utakapoitwa kwenye usaili watakuuliza ulianzia wapi, na utasema: "I used to carry twenty kilos on the Machame route." Kwa maneno kumi tu wataelewa ulikuwa nani, ulifanya nini na kwamba sasa umeliacha. Ningekuwa mimi ndiye msaili ningekuajiri hapo hapo, ila sikuulizwa.

Makosa yako mengine mawili nayapitia haraka. "I am living in Moshi since 2014": sisi tunasema "naishi Moshi tangu 2014", wakati uliopo unatosha. Mwingereza jambo lililoanza zamani na bado linaendelea analivusha kwa "have": "I have lived in Moshi since 2014." Na mvua ya siku ile, iliyowapiga tangu getini: "It has been raining since morning." Ukiwa na hiyo mfukoni, "implacable" unaiacha kwa siku kubwa. La nyumba: kwetu -nge- inakaa pande zote mbili, ningepata kazi ningejenga, na ndiyo iliyokufanya uweke "would" mara mbili. Kwao inakaa upande mmoja, ule wa ningejenga, upande wa "if" unavaa wakati uliopita: "If I got a guide's job, I would build a house."

Umeona nilivyoweka "a" pale. Kwenye Kiingereza chako chote hakuna hata moja, wala "the". Tumezoea kusema Kiswahili hakina vitu hivyo. Si kweli kabisa, vimejificha ndani ya kitenzi. "Nimenunua kitabu", ni kitabu tu, hujakisikia bado. "Nimekinunua kitabu", wewe na mimi tunajua ni kipi. Hiyo -ki- ndiyo inayokaribia "the", na kutokuwepo kwake ndiko kunakokaribia "a". Si sawa sawa kila mahali, lakini ukitafsiri sentensi za Esther na kujiuliza kila mara kama Kiswahili chake kingetaka -ki-, -i- au -zi-, utapatia mara nyingi kuliko kubahatisha. Ajabu ni kwamba vitabu vya shule nilivyoviona havisemi jambo hili, vinatupa orodha ya kanuni kumi na mbili za "the" na kututakia heri.

Shemeji yako sasa. Usimbeze. Kwa jambo moja yuko mbele ya tuisheni na mbele ya Dickens: ile sentensi yake ya kuuliza kichwa kinaendeleaje. "How is your head?" ni swali zuri sana, na sidhani anajua uzuri wake. Sikia. Kwetu mtu akiulizwa "Huumwi kichwa?" anajibu "Ee, siumwi." Ee yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Kwa Mwingereza "yes" na "no" haziangalii maneno ya muulizaji, zinaangalia jambo lenyewe: haumwi, basi ni "no", hata ungeuliza vipi. Sasa chukua kambi ya Barafu, saa tano usiku, mnajiandaa kwa kilele. Unamuuliza mgeni "You don't have a headache?" Anajibu "Yes." Kwa kichwa cha Kiswahili umesikia: ee, siumwi. Yeye amekwambia kinamuuma. Na huko juu kichwa kinachouma si cha kupuuzwa, ndiyo dalili ya kwanza watu wanayoambiwa waiangalie. Au yeye anakuuliza "We don't need more water?" nawe unajibu "Yes" ukimaanisha ee, hatuhitaji. Anafungua begi anaongeza chupa mbili, au anakuona hujielewi. Ukiulizwa kwa kukanusha usijibu kwa neno moja. Malizia: "No, we don't." "Yes, we do." Na wewe usimuulize mtu kwa kukanusha, uliza kama shemeji.

Anapopungukiwa shemeji ni hapa: sentensi za kukariri zinaisha. Kati ya kunywa maji na polepole kuna siku sita au saba za kutembea, na mtu anayetembea anaongea. Atauliza watoto wako wanasoma wapi, migomba ile ni ya nani, theluji ilikuwa inafika wapi ulipokuwa mdogo. Hayo hayakaririki. Kwa hiyo mwombe zile sentensi zake, ziandike daftari la nne ukurasa wa kwanza, kisha kurasa zote zinazofuata za Esther na wewe.

Kuhusu usemi wa taarifa, ambao ninyi mnaugeuza kila usiku, jambo moja tu. Kwetu "alisema anaumwa" haibadiliki, kwao inarudi nyuma hatua moja: "He said he had a headache." Sawa. Ila kama mgeni amekwambia sasa hivi na bado anaumwa, unapomfikishia kiongozi wako sema "He says he has a headache." Ukirudisha nyuma kwa sababu tu daftari lilikufundisha hivyo, kiongozi anaweza kudhani kichwa kilishapoa.

Na yule mzee wa hemani. Mimi sikuwepo, ila nimefundisha Dickens, na naisikia ile sauti kwa namna nyingine. Mtu ametoka Uingereza, amelowa mpaka mfupani, yuko msituni Kilimanjaro, mara mpagazi anatokea gizani anamtolea sentensi ya tatu ya Bleak House bila kosa, na mwezi wenyewe ni Novemba. Angeachaje kucheka! Hakukuomba urudie kwa sababu ulikosea. Watu hawawaiti wenzao waje kusikiliza makosa ya sarufi kwenye mvua. Kosa lako lilikuwa moja, hukuwa na sentensi ya pili. Safari nyingine mwambie "That's from my book," kisha umuulize kama alikisoma. Utakuwa umepata mwalimu wa bure mpaka kileleni. Na Implakabo ni jina zuri, nimeshasikia wapagazi wakiitwa mabaya zaidi.

Limebaki la mama watoto, nalo ana haki. Lakini nadhani hujamwambia kitabu kinahusu nini, kwa sababu hukujua. Kinahusu kesi ya mirathi. Familia moja iko mahakamani miaka na miaka, watu wamezaliwa ndani ya kesi na wengine wamekufa humo, wanasheria wanakula, hakuna anayekumbuka tena ilianzaje. Mtu wa Kilimanjaro aliyewahi kuona ndugu wanavutana kuhusu kihamba, shamba la ukoo, hahitaji kufafanuliwa. Ule usiku wa sentensi moja, badala ya kuinamia daftari peke yako, msomee Kiswahili chako. Akikwambia "hapo sijaelewa", tafsiri yako ina tatizo, rudi kwenye Kiingereza ukaangalie. Akiuliza kesi iliishaje, mwambie iko sura ya 65, na ninyi ndiyo kwanza mko ya tatu.